Daftari la Madeni la Mwanafunzi Mchezaji

Miaka michache iliyopita nilimpokea getini kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa anarudi kutoka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Alikuwa na begi begani na medali ya mpira wa kikapu shingoni, na furaha yake ilinigusa, maana mimi ndiye niliyemfundisha kudaka na kurusha. Jumatatu iliyofuata aliingia kwenye kipindi changu cha hisabati akanikuta namalizia mada ya duara. Alikaa nyuma, akafungua ukurasa mweupe, akaandika tarehe. Kipindi kizima hakuandika kitu kingine. Alikuwa amekosa wiki tatu, na hakuna mwalimu aliyemwuliza habari za wiki hizo, nami nikiwemo.

Mwisho wa muhula alipata 38, yeye aliyezoea sabini na kitu. Baba yake alikuja shuleni akasema kikapu kimemharibu mtoto, atolewe kwenye timu. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini nilijua mpira umesingiziwa. Kilichomwangusha kijana yule ni vipindi kumi na tano vilivyopita bila mtu yeyote kuviandika mahali popote.

Nafundisha shule binafsi ya bweni, mojawapo ya zile ambazo mtoto anafanya mtihani wa kuingia kabla hajapokelewa, na akishapokelewa anakuta wastani wa kuvuka darasa ulio juu kuliko wa shule nyingi. Katika shule za namna hii mzazi na mwalimu husema mchezaji anaangushwa na muda anaopoteza uwanjani. Kwa niliyoyaona, saa moja na nusu ya jioni haijamwangusha mtu. Mchezaji anaangushwa na kipindi alichokikosa kikasahaulika, na usingizi aliokopa bila kuulipa. Yote mawili ni madeni, na wahenga walishasema dawa ya deni ni kulipa. Shida ni kwamba watoto wengi hawajui wanadaiwa kiasi gani.

Daftari lenyewe

Nunua daftari dogo, lile la bei ya chini kabisa dukani. Chora mistari ugawe ukurasa sehemu nne: tarehe, somo na mada, nani atanifundisha, na sahihi. Kila kipindi unachokosa kwa sababu ya mechi, safari au jeraha, kiandike siku hiyohiyo. Usiandike “nilikosa fizikia”. Andika “fizikia, mgandamizo wa vimiminika, mifano miwili na swali la 4 hadi la 7”. Deni lisilo na kiasi halilipiki.

Ukishaandika na kurudi darasani, una siku tatu tu za kulilipa. Nimejaribu wiki moja nikaona haifai, kwa sababu wiki ikiisha mwalimu ameshahamia mada nyingine na rafiki yako amesahau alichoelewa. Siku ya tatu bado kila kitu kipo kichwani mwa darasa zima.

Kulipa si kunakili. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na nitakaa hapa kidogo. Mchezaji anarudi kutoka mechini, anaazima daftari la mwenzake, anakesha akihamisha kurasa ishirini kwa mwandiko mzuri na kalamu za rangi mbili. Asubuhi daftari limejaa, kichwani hamna kitu. Badala yake, mwombe mwenzako akufundishe mada hiyo kwa dakika kumi na tano, mdomo kwa mdomo, bila daftari. Kisha fanya maswali mawili peke yako mbele yake. Ukikwama, mnarudi nyuma pamoja. Ukipata, anatia sahihi. Nukuu utazinakili Jumapili mchana, tena zile za lazima tu. Na mwenzako hapotezi muda wake, kwa sababu anayefundisha mada mara moja huielewa kuliko aliyeisoma mara tatu.

Lipa kwa mpangilio. Hisabati, fizikia na kemia zinatangulia, kwa kuwa mada ya leo imekaa juu ya ya jana. Aliyekosa duara atateseka vilevile darasa likifika kwenye latitudo na longitudo. Historia, uraia na jiografia ya nchi mbalimbali zinaweza kuvuka siku tatu na kungoja mwisho wa wiki, kwa sababu ukikosa Vita vya Majimaji bado unaweza kusoma Mkutano wa Berlin ukaelewa.

Maabara ni jambo la pekee. Kipindi cha majaribio hakiazimiki. Unaweza kusoma kwenye daftari la mtu kwamba asidi ilidondoshwa kutoka kwenye bureti hadi rangi ikabadilika, lakini vidole vyako havijawahi kukishika kile kifungo cha bureti, na jicho lako halijui tone la mwisho linafananaje. Mtihani wa vitendo unauliza vidole na macho. Kwa hiyo ukijua Alhamisi kuna majaribio na pia kuna mechi ya kirafiki, mwambie mwalimu wa michezo mapema. Mechi ya kirafiki inaweza kuchezwa na mwenzako. Kama ni mashindano halisi, mwombe mwalimu wa kemia nafasi ya Jumamosi. Wengi wanakubali wakiombwa kabla. Wakiombwa baada ya siku kumi, vifaa vimeshaoshwa na kemikali zimerudishwa kabatini.

Kumuaga mwalimu

Neno “kabla” ndilo lenye uzito. Kila mwalimu ana azimio la kazi, hati inayoonyesha wiki gani atafundisha nini. Si siri. Siku tatu au nne kabla ya kusafiri mwendee ofisini wakati wa mapumziko, si mlangoni mwa darasa akiwa anakimbilia kipindi kingine.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo, mwalimu. Kuanzia Jumatano nitakuwa kambini hadi tarehe 14. Naomba kujua darasa litafika mada gani, na maswali gani ya kitabuni niyafanye nikiwa huko.”

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo mara nyingi. Mtoto akija hivi, mwalimu anafungua azimio lake, anamwonyesha, na mara nyingi anaongeza: “Ukirudi, nione.” Kuanzia hapo yule si mtoro tena mbele ya macho yake. Akirudi na maswali matano aliyofanya, hata kama matatu amekosea, mwalimu atampa nusu saa ambayo hakuwa na mpango wa kuitoa. Ila aliyeondoka kimyakimya na kurudi na medali anakuta mlango mgumu.

Kambini usibebe vitabu vyote. UMISSETA huanzia shuleni, hupanda wilayani, mkoani, hadi taifa, na mashindano ya taifa hufanyika katikati ya mwaka, yakiwa yamewahi kupelekwa Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kutwa nzima ndani ya basi, na barabara ikitikisika huwezi kusoma kitabu bila kichwa kuuma. Beba karatasi ngumu ulizokata ukubwa wa kiganja: upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kambini mnalala magodoro sakafuni, kelele hadi usiku, kwa hiyo usijidanganye kwamba utapiga msuli baada ya chakula cha jioni. Tumia saa moja baada ya uji wa asubuhi, siku usiyo na mechi ya mapema, ukiwa na mwenzako mmoja mwenye nia kama yako. Saa moja kwa siku kumi ni saa kumi, na hizo zinatosha kufanya karatasi tatu za mitihani iliyopita bila haraka.

Usingizi

Tupige hesabu ya bweni. Taa zinazimwa saa nne na nusu usiku. Kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri, watoto wawahi prepu ya asubuhi. Hizo ni saa sita, na hiyo ni kama ulisinzia mara tu taa zilipozimwa. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila siku. Kwa hiyo kila usiku unadaiwa saa mbili, na kutoka Jumapili hadi Ijumaa deni limefika saa kumi na mbili. Asiyecheza anaumia na deni hili. Mchezaji anaumia mara mbili, kwa kuwa misuli inajijenga usiku na ubongo nao usiku ndio unapanga ulichosoma mchana.

Sisi walimu wa shule binafsi tuna kosa hapa, na nalisema waziwazi. Tumewazoesha wazazi kuamini kwamba shule ambayo taa zake zinawaka saa kumi alfajiri ndiyo inayofaulisha. Nimeshasimamia prepu hizo. Saa kumi na moja alfajiri, nusu ya timu yangu ilikuwa imelalia madaftari, mate yakidondoka kwenye ramani ya Afrika. Huko si kusoma, na kulala hawajalala. Niliomba kwa mkuu wa shule kwamba siku mbili kwa wiki, asubuhi baada ya mazoezi mazito, wachezaji waruhusiwe kulala hadi saa kumi na mbili kasoro robo. Ilichukua muhula mzima kukubaliwa. Kama wewe ni kiranja wa michezo, peleka ombi la namna hiyo kwa maandishi, lipitie kwa mwalimu wa michezo na matroni au patroni, na utaje siku zenyewe. Ombi lenye siku na saa ni rahisi kukubalika kuliko manung'uniko.

Ombi lisipokubaliwa, bado una dakika ishirini baada ya chakula cha mchana. Jilaze, funga macho. Usizidishe nusu saa, utaamka mzito.

Prepu ya usiku nayo ina kanuni yake kwa mtu aliyetoka uwanjani. Umeoga, umekula, mwili unaita kitanda. Ukifungua kitabu cha historia usome, baada ya kurasa mbili umelala. Anza na kazi ya kuandika na kukokotoa, kalamu mkononi, dakika arobaini za kwanza. Mkono ukiwa unafanya kazi, kichwa kinachelewa kuzima. Kusoma kwa macho kuache Jumamosi asubuhi, ukiwa umeshiba usingizi.

Chakula sitakirefusha, isipokuwa mambo matatu. Ukitoka mazoezini usingoje hadi kengele ya chakula cha jioni, kula ndizi mbili na karanga palepale, unywe maji. La pili ni la mabinti wanaokimbia au kucheza netiboli kwa bidii: hedhi ikikata kwa miezi mitatu, hilo si jambo la kufurahia wala la kuona aibu. Mara nyingi mwili unasema chakula hakitoshi kazi unayoufanyisha, na mifupa nayo inaumia kimyakimya. Mwambie matroni, uende hospitali. La tatu ni damu: ikiwa pungufu, utashindwa mbio na darasani utakuwa unasoma mstari mmoja mara nne. Maharage, dagaa na mchicha vinaongeza madini ya chuma, na ukila na chungwa mwili unayachukua vizuri zaidi. Chai inywe baadaye, kwa sababu inayazuia.

Pointi moja

Wachezaji wangu nawafundisha hesabu ya daraja kama ninavyowafundisha hesabu ya magoli. Kidato cha nne daraja linatokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Ukikusanya kati ya 7 na 17, una daraja la kwanza. Sasa chukua mchezaji mwenye B nne na C tatu: nane jumlisha tisa, 17. Amepita, lakini amesimama ukingoni. B moja ikigeuka C, ana 18, na yuko daraja la pili. B inaanzia alama 65. Kwa hiyo kati ya 65 na 64 kuna mada moja aliyoikosa akiwa kambini. Mtoto akiiona hesabu hii kwa macho yake, hahitaji hotuba.

Hesabu hiyohiyo isikudanganye ukaanza kutupa masomo. Tahasusi ya kidato cha tano inaangalia masomo yake mahususi, na anayetaka PCM (fizikia, kemia na hisabati) hawezi kuiacha fizikia kwa sababu ana masomo mengine saba.

Kwa mzazi

Shule nyingi binafsi humpunguzia ada mchezaji mzuri. Ni jambo jema, limewasomesha watoto ambao wasingeingia kwenye milango hiyo. Lakini mzazi, usikubali kwa mdomo. Omba barua yenye majibu ya maswali matatu: punguzo ni la mwaka mmoja au hadi kidato cha nne? Mtoto akivunjika mguu, linaendelea? Akishuka chini ya wastani wa shule, anapewa muda gani wa kujirekebisha, na nani atamsaidia? Nimemwona mama akilia ofisini kwa sababu goti la mwanawe liliumia mwezi Machi na mwezi Aprili akaletewa ada nzima. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

Wapo pia wazazi wanaoota Marekani. Ndoto hiyo ina mfano wa kwetu: Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akasoma shule binafsi ya Kikristo jijini Houston, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili la drafti ya NBA. Ila yeye ana urefu unaozidi futi saba. Mwanao mwenye futi sita atahitaji zaidi alama. Ili kuchezea vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA unatakiwa masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0. Hesabu hiyo haianzii mwaka wa mwisho, inaanzia mwaka wa kwanza wa sekondari. Vyuo kama Harvard na Yale havitoi ufadhili wa michezo kabisa, vinamsaidia mwanafunzi kwa kuangalia uwezo wa familia, na mlango wa kuingia ni ripoti ya darasani. Kwa hiyo tunza kila ripoti ya muhula kuanzia kidato cha kwanza, katika faili moja, sehemu isiyofikiwa na mvua.

Na kidato cha nne? Mzazi wa kwanza hadi wa mwisho huniambia mwaka huo michezo isimame. Mimi sikubaliani. Mtoto aliyekuwa anakimbia kila jioni kwa miaka mitatu, ukimkatisha ghafla, halali vizuri, anakasirika ovyo, na saa uliyomwokolea anaimalizia kwenye soga za bweni. Mwache ashiriki mashindano ya katikati ya mwaka, kisha apunguze: siku tatu kwa wiki, dakika arobaini, bila safari, hadi mitihani ya Novemba. Yupo mmoja tu ninayemshauri aache kabisa, naye ni yule anayecheza kwa sababu baba yake alicheza. Huyo uwanja unamchosha na darasa linamchosha. Zungumza naye faraghani, umwulize angependa kufanya nini saa kumi jioni, kisha umwache ajibu bila kumkatiza.

Tanzania tuna mtu ambaye maisha yake yamebeba pande zote mbili. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, na baadaye yeye na mkewe wakajenga shule binafsi. Nawatajia watoto jina lake wanapolalamika kwamba mwalimu wa taaluma na mwalimu wa michezo hawapatani.

Kijana wangu wa kikapu alirudi timuni. Baba yake alikubali kwa sharti kwamba atamwonyesha daftari la madeni kila likizo. Mwaka uliofuata, akiwa kidato cha nne, alienda kambini tena, na aliporudi nililiomba nilione kabla sijampa pole ya safari. Mistari kumi na miwili, mwandiko umepinda kwa kuandikiwa ndani ya basi. Siku ya tatu mistari kumi na mmoja ilikuwa na sahihi. Uliobaki ulikuwa wa kemia, jaribio la asidi na besi. Jumamosi saa tisa mchana nilipita karibu na maabara nikamkuta amekaa kwenye ngazi, koti jeupe mapajani, anamsubiri mwalimu aje na funguo.